Mtambo wangu maarufu ni sanduku tupu, na baba mkwe ameshalifungua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla hujanicheka naomba uisome barua hii hadi mwisho, halafu ucheke, maana hata mimi yangekuwa yamempata mwingine ningecheka hadi nishike mbavu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kuchanganya sauti za muziki, yaani waimbaji na wapiga vyombo wakisharekodi mimi ndiye ninayekaa mbele ya kompyuta nikaipanga sauti ya kila mmoja, hii ije mbele, ile irudi nyuma, besi lisifunike gitaa, gitaa lisimkabe mwimbaji, hadi wimbo usikike kama wimbo na si kama watu wanaogombania mlango mmoja. Studio yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, nimebandika magodoro ukutani ili sauti isirudi, na bila kujisifu, wanaonijua katika kazi hii wananiita Daktari.

Tatizo langu lilianza na mapenzi, si ya mwanamke, usiwe na wasiwasi, ni mapenzi ya mitambo ya kale. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, studio kubwa zilikuwa na mitambo ya chuma ambayo watu wawili wakiibeba wanatoka jasho, mtambo mmoja wa kurekebisha besi na trebo, yaani sauti nzito na nyembamba, mwingine wa kubana sauti, ambao tunauita kompresa, na tafadhali usije ukafikiri ni kompresa ya friji kama alivyofikiri mke wangu, hii kazi yake ni kumshika mwimbaji akipayuka na kumwinua akinong'ona. Ndani yake mitambo hiyo ina taa za kioo zinazopata moto, na moto huo, sisi wataalamu tunasema, unaipa sauti joto. Siku hizi mitambo yenyewe haionekani, na ikionekana bei yake haitajwi mbele ya familia, kwa hiyo kuna watu wenye akili zao wametengeneza programu za kompyuta zinazoiiga, unaifungua kwenye skrini unaona picha ya mtambo wenyewe, nobu zake za kuzungusha, mshale wake unaotikisika nyuma ya kioo, hata mikwaruzo na kutu wamechora, na ukizungusha ile nobu kwa mausi sauti inabadilika vilevile kama ilivyokuwa ikibadilika kwenye chuma.

Mimi ninazo sitini na tatu. Nyingine nilinunua, nyingine naomba usiniulize.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, aliwahi kusimama nyuma yangu akaitazama skrini akaniuliza, "Hizi zote zinafanya nini?" Nikamwambia zinabana sauti. "Zote?" Nikamwambia ndiyo, lakini kila moja inabana kwa namna yake. Akasema, "Mimi nina mkasi mmoja, na watu wanavaa." Kisha akaondoka, na mimi nikaendelea kubana.

Sasa mshauri, kuna mwimbaji wa kike ambaye jina lake la kazi ni Chiriku, sauti yake ni nzuri hata akiomba maji ya kunywa. Siku ya kwanza alipokuja studio alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Mitambo iko wapi?" Nikamwambia iko ndani ya kompyuta. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Akasema, "Mh." Hiyo "mh" ilinikaa kifuani wiki nzima, nilikuwa nakula nayo, naoga nayo, nikijua maana yake ni kwamba mimi si chochote, mtu mwenye laptop tu kama walivyo wengine wote mtaani, na shetani akanipitia, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti.

Fundi yule alinitengenezea sanduku la bati nene, tukalipaka rangi ya kijivu kisha tukaikwaruza kidogo ili lionekane limeishi, nobu nne nilizing'oa kwenye jiko la gesi lililokufa, mshale niliutoa kwenye mzani mbovu, ndani tukafunga taa mbili nyekundu zionekane kupitia matundu, na kwa kuwa sanduku lilikuwa jepesi kuliko heshima niliyoitaka, nikaweka na tofali moja ndani ili atakayejaribu kulisogeza ajue hakuja kucheza. Nikawaambia watu wote, mke wangu akiwemo, kwamba ni mtambo halisi wa kale, nimeazimwa na studio moja ya zamani iliyofungwa. Mke wangu alikuwa anashonea katika nusu ya kile chumba, ikabidi nimwombe aihamishie cherehani yake kwenye ujia, kwa maelezo kwamba taa za mtambo zinatoa joto na vumbi la vitambaa linaweza kushika moto, naye hakubisha.

Chiriku aliporudi kurekodi nilikuwa nimelipangusa likang'aa. Alichelewa kidogo kuanza kwa sababu hereni yake ilidondoka nyuma ya meza akawa anaitafuta, lakini alipoanza aliimba vizuri, shida ikawa kwangu mimi. Nilimwekea programu moja sauti ikawa nzito, nikaongeza ya pili kuipunguza uzito, ya tatu kuirudishia ule uzito, hadi zikafika saba, na bado nikawa nasikia kuna kitu kinapungua, nikamrudisha kuimba tena na tena, jua lilikuwa limeshahama dirisha moja kwenda lingine. Mwishowe akasema, "Daktari, kwani huu mtambo hauutumii?" Sikuwa na pa kukimbilia. Nikanyanyuka, nikaisogelea nobu ya pili, nikaizungusha polepole kama mtu anayefungua kasha la dhahabu, nikarudi kuupiga wimbo uleule bila kugusa kitu kingine chochote. Chiriku akaruka kitini. "Hapo sasa!" akasema. "Hapohapo, usiguse!"

Na linaloniumiza si kwamba yeye alisikia. Mimi mwenyewe nilisikia. Nakuapia mshauri, nilisikia joto.

Baada ya hapo mambo yalinitoka mikononi, Chiriku alihojiwa redioni wakamuuliza siri ya sauti yake, akautaja mtambo wangu, na watu wakaanza kuja. Wapiga gitaa wanapiga nao picha. Kwaya moja iliomba kuugusa, watu ishirini na nne wakapanga foleni. Mimi nazungusha, wao wanasema "aah!", na siku zinakwenda, wimbo wa Chiriku wenyewe bado haujakamilika.

Hadi aliposikia baba mkwe. Baba mkwe wangu ni mjane aliyestaafu, alikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka thelathini na moja, na mtambo niliokuwa najidai ninao ndio hasa aliokuwa akiulea kule kazini, aliufungua na kuufunga kwa mikono yake, alijua unakohoa lini. Redio ilipohamia jengo jipya waliiuza mitambo ya zamani kama vyuma chakavu yeye akiwa likizo, aliporudi akakuta mezani alama tu ya mstatili usio na vumbi. Mke wangu anasema baba yake hakula vizuri mwezi mzima. Sasa mtu huyo alinipigia simu akasema, "Mkwe, nasikia unao. Nakuja kuuona."

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, mkononi mfuko mdogo wa vifaa, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wake hospitali. Mke wangu alimkaribisha chai, akasema chai baadaye. Tukaingia. Akausogelea, akaweka kiganja chake juu ya sanduku, taratibu, akakiacha pale.

"Umewashwa tangu saa ngapi?" akaniuliza.

"Tangu asubuhi, baba."

"Mbona wa baridi?"

Yeye hakungoja jibu, alitoa bisibisi, akafungua skrubu nne moja baada ya nyingine akizipanga mezani kwa mstari, akainua kifuniko. Akaziona zile taa mbili. Akalitoa tofali, akaligeuza upande huu na upande ule kama anayetafuta maandishi.

"Na hili," akasema, "ni toleo la mwaka gani?"

Ningeweza kuvumilia matusi, ningeweza kuvumilia hata kofi. Nilitazama chini nikasema, "Baba, nisamehe," na wakati huohuo nikasikia mke wangu anakuja na Chiriku, aliyekuwa na zamu ya kurekodi siku hiyo, wanacheka jambo lao. Baba mkwe akalirudisha tofali ndani, akafunika, na walipofungua mlango alikuwa anapangusa vumbi kwa leso yake.

"Shikamoo baba," Chiriku akamsalimu. "Ndio wenyewe?"

"Marahaba. Ndio wenyewe," akajibu, uso mkavu kabisa. "Unahitaji huduma kidogo tu." Halafu akanigeukia. "Mkwe, nipishe hicho kiti."

Alikaa kwenye kiti changu. Akasema tumsikilizishe wimbo wa Chiriku, akausikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Zima." Nikamuuliza, "Nizime ipi, baba?" Akasema, "Zote." Nikazizima zote saba, sauti ya Chiriku ikabaki kama alivyozaliwa nayo, nzuri, na mimi nilikuwa nimeshaisahau. Baba akasema, "Sasa niwekee moja moja, usiniambie ipi ni ipi." Nikaweka ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa. Tulipofika ya tano alifumbua macho akageuka kuitazama spika kama mtu aliyeitwa jina lake. "Huyu namjua," akasema. Nilipotazama kwenye skrini, mshauri, ilikuwa ni programu inayouiga mtambo uleule aliokuwa akiulea. Akasikiliza tena. Akasema, "Hajafika, lakini amekaribia. Aliyetengeneza hii alikaa na mtambo, hakuonyeshwa picha." Akaniambia niiache hiyo peke yake, niipunguze hadi nusu, kisha nimsogeze Chiriku mbali kidogo na maiki, na wimbo ulioninyima raha miezi minne ukakamilika kabla ya chakula cha mchana.

Ungefikiri hapo mambo yameisha. Baba mkwe sasa anakuja kila Jumanne na Jumamosi. Wateja wanamwita Profesa. Mimi nafanya kazi halisi kwenye kompyuta kwa maelekezo yake, yeye anakaa karibu na sanduku, na mteja akiingia anazungusha nobu za jiko la gesi kwa umakini mkubwa, anasema "nimeongeza joto," kisha mteja akigeuka ananikonyeza. Sijawahi kumwona na furaha kiasi hicho. Lakini amenipa sharti, amesema, "Mimi simwambii binti yangu. Utamwambia wewe, na nakupa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sitakuja tena hapa." Na kama hiyo haitoshi, watangazaji wa kipindi cha muziki wametoa taarifa kwamba mwisho wa mwezi huohuo watakuja na kamera kuurekodi mtambo nje na ndani.

Nikisema ukweli Chiriku atanidharau, maana amenisifu redioni kwa kinywa chake. Nisiposema, baba mkwe ataondoka na watangazaji watalikuta tofali. Nimefikiria kusema mtambo umeibiwa. Nimefikiria pia kusema umeungua. Mshauri, nifanye nini?

Daktari asiye na dawa

MSHAURI ANAJIBU

Daktari,

Nimesoma hadi mwisho na nimecheka, ulinipa ruhusa. Mhariri wangu naye amecheka, na mpiga chapa. Sasa kaa vizuri, zamu ya kucheka imepita.

Kwanza nikutoe hofu isiyo na msingi ili tubaki na ile yenye msingi. Kutumia programu inayouiga mtambo wa zamani si dhambi wala si utapeli. Kuna watu walikaa miaka na chuma kile wakakisikiliza, wakakipima, wakakuletea kazi yake bila jasho la kukibeba, na baba mkwe wako, anayekijua kuliko wewe na mimi, ameitambua kazi yao akiwa amefumba macho. Hiyo ni heshima kubwa kwao. Aibu ni yako wewe, uliyepewa kitu cha kweli ukakionea haya, ukaenda kutengeneza kitu cha uongo ili ujivunie.

Lakini sitini na tatu, baba? Umemvisha mwanamke wa watu makoti saba juu ya sauti yake, si kwa sababu alikuwa anasikia baridi, bali kwa sababu ulitaka kuonyesha kabati lako. Umependa kutu iliyochorwa. Mtambo wenyewe hukuwahi kuuona, hukuwahi kuusikia, umeusoma kwa watu ambao nao wameusoma kwa watu, ukajiita mtaalamu wa joto. Na hizo ulizosema nisikuulize, nakuuliza. Zile ambazo hukununua zifute leo. Watu waliozitengeneza nao wana watoto wanaokwenda shule kama wako.

Sasa kuhusu Chiriku. Shika kiti.

Barua yako si ya kwanza kunifikia juu ya sanduku hilo. Miezi miwili iliyopita nilipokea nyingine nikaitia kwenye droo nikidhani kuna mtu anataka kunichezea. Ilipokuja yako niliitoa, nikampigia simu mwandishi wake, na kwa ruhusa yake naiweka hapa kama alivyoiandika:

"Mshauri, fundi wangu wa studio ana mtambo ambao si mtambo. Hereni yangu ilidondoka nyuma ya meza, nikainama kuitafuta, nikaona sanduku lina waya mmoja tu wa taa, hauendi kwenye kompyuta wala popote. Nilinyamaza. Lakini siku hiyo alinirudisha kuimba mara kumi na moja, miguu ikanivimba, na kila nikimwambia inatosha anasema kuna kitu kinapungua. Nikaona heri nimwambie autumie mtambo wake labda roho yake itatulia. Alipozungusha tu, nikaruka nikasema hapo sasa, ili niende nyumbani. Ikawa dawa. Siku hizi nikichoka nasema jaribu mtambo. Redioni waliponiuliza siri ya sauti yangu niliutaja, kwa sababu ningesema siri ni mazoezi kila alfajiri wasingeniamini. Je, nimefanya vibaya?"

Ndiyo, bibie, umefanya vibaya, nimekwambia kwenye simu na narudia hapa. Ulikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Hukuwa na haki ya kuwapeleka wenzako kupanga foleni mbele ya tofali.

Na wewe Daktari, unaona? Kitu ulichokiogopa zaidi, kwamba Chiriku atajua, kilitokea saa moja baada ya kulipangusa sanduku. Anajua siku zote hizi na bado anakuja kwako. Nilimuuliza pia kuhusu ile "mh" iliyokukaa kifuani wiki nzima ukala nayo na kuoga nayo. Haikumbuki. Alipofikiri sana akasema labda ni harufu ya gundi ya magodoro.

Kwa hiyo ulichomelea bati, ukang'oa jiko na kuvunja mzani kwa sababu ya gundi.

Ule wakati uliposikia joto kwenye tofali, ukumbuke vizuri, utakusaidia kuliko programu zako zote. Masikio yako hayana ugonjwa. Yana woga. Yanasikia kile unachotaka watu wakufikirie. Kuanzia sasa ukibadilisha sauti, mwombe mtu mwingine akupigie zote mbili, ya kabla na ya baada, bila kukwambia ipi ni ipi, kama alivyofanya baba mkwe. Usipoweza kuzitofautisha, ondoa ulichoongeza.

Baba mkwe naye simwachi. Mzee wangu, shikamoo. Uliporwa kazi ya mikono yako bila kuagwa, na moyo wangu uko nawe. Lakini kumkonyeza mkwe nyuma ya migongo ya watu waliokuja wakikuamini ni utoto, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana umeweka sharti. Mchango wako ni masikio yako, hayo ya kusema "zima zote." Kiti unastahili bila sanduku. Yule kijana anakuhitaji, na nadhani nawe unamhitaji, basi kaeni pamoja mfanye kazi bila sarakasi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza.

Barua yako ilikuwa kurasa tano. Mke wako umempa mistari michache, na kati ya hiyo, ule wa cherehani umeupitia mbiombio kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa maelezo. Ulimtoa kwenye chumba chake cha kazi kwa sababu ya moto usiokuwepo. Unasema ulimwomba; hukuomba. Ulimtisha kwa vitambaa vyake mwenyewe. Nakuuliza, mteja wake akija kupimwa gauni, anavua wapi? Kwenye ujia, huku wapiga gitaa wako wakipita na mabegi? Wale watu ishirini na nne wa kwaya walipopanga foleni, foleni ilisimama wapi kama si juu ya kazi yake? Unasema "naye hakubisha" kana kwamba hiyo ni sifa yako. Hakubisha kwa sababu alikuamini. Chiriku uliyemlaghai alikuwa anajua, baba mkwe alijua kwa kiganja kimoja. Katika nyumba nzima, aliyeuamini mtambo wako kwa moyo mweupe ni yule ambaye umemlipisha kwa nafasi yake. Na ndiye pekee ambaye katika maswali yako yote hukumtaja.

Basi sikiliza. Usiseme umeibiwa. Usiseme umeungua. Ukisema umeungua, mkeo ndiye atakayejiona mwenye kosa kwa sababu ya hilo vumbi la vitambaa ulilomsingizia, na hapo mimi na wewe tutakuwa tumemaliza kuongea.

Leo, jua likiwa bado juu, watoto wakiwa nje wanacheza, mwite mkeo chumbani mwenu, si studio. Mwambie yote, na anza na cherehani, usianze na Chiriku wala na historia ya taa za kioo. Atakasirika. Mwache akasirike hadi amalize, usimweleze kwa nini ulijisikia mdogo, hayo atakuuliza siku atakayotaka mwenyewe. Kisha ubebe cherehani, meza yake na vitambaa vyake, uvirudishe mahali vilipokuwa, na kama chumba hakitoshi, kinachotoka ni chako. Kompyuta haihitaji nusu chumba. Sanduku litoke leoleo, lirudi kwa fundi wa mageti, bati zuri halikosi kazi.

Wateja waliopiga picha na kulipapasa, waandikie ujumbe mmoja: mtambo haukuwa wa kweli, nyimbo zenu zilipitia kwenye programu na mikono yangu, asiyeridhika arudi nimfanyie upya. Wako watakaokukimbia. Watakaobaki watakuwa wamekuja kwa ajili ya kazi.

Watangazaji nao waje, usiwazuie. Wapigie kesho asubuhi uwaambie watakachokikuta ili waamue wenyewe kama bado wanataka kuja, na nina hakika watataka, kwa sababu kisa hiki ni kitamu kuliko mtambo wowote. Wakifika, mkalishe baba mkwe kwenye kiti. Chiriku aimbe bila kitu. Kisha weka ile programu moja, nusu, kama mlivyofanya Jumamosi ile, na mzee awaeleze watu wanasikia nini. Watakuuliza kwa nini ulidanganya. Wajibu kwa sentensi moja: niliona haya kwamba vifaa vyangu ni programu, na sikupaswa kuona haya.

Ukishasema hivyo, nyamaza. Najua utasikia kuna kitu kinapungua. Usiongeze.